UCHAMBUZI: Zana ya fundi ikiharibika, airekebishe au anunue nyingine?

MAFUNDI wa jua kali nchini hukumbana na swali moja mara nyingi kuliko maswali mengi yanayojadiliwa Bungeni. Mashine ya umeme imezimika mkononi, mteja anasubiri lango lake, na jua linazidi kupanda. Je, mashine hiyo ipelekwe kwa mrekebishaji au inunuliwe nyingine?

Walio maofisini wanaweza kuliona kuwa swali dogo. Hata hivyo, ripoti za kila mwaka za Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) zimekuwa zikionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini, ukiwaweka kando wakulima wadogo, zimo katika sekta isiyo rasmi. Humo wamo wachomeleaji wa Kariobangi, maseremala wa Barabara ya Ngong na mafundi wa mabati wa Kamukunji. Wengi wao hawana mtaji mwingine ila mashine mbili au tatu.

Serikali inazo taratibu kuhusu mashine hiyo inapoingia nchini. Tangu 2005, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) limekuwa na mpango wa kuhakikisha bidhaa zinakaguliwa zinakotoka kabla ya kusafirishwa. Inayo pia sheria kuhusu siku itakapotupwa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtwika mtengenezaji na mwagizaji jukumu la bidhaa yake ikishageuka taka.

Kati ya siku hizo mbili kuna miaka ambayo mashine huugua na kupona, na kuhusu miaka hiyo sheria zetu hazina la kusema. Fundi huachwa peke yake na hesabu zake.

Tuanze na mashine yenyewe, maana mjadala wa aina hii huharibika pale watu wanapouzungumzia ubovu kana kwamba ni kitu kimoja.

Chukua grainda, ile mashine ya mkono ya kukata na kulainisha chuma. Mota iliyo ndani yake haitofautiani sana na ile ya drili, randa ya umeme au msumeno wa duara. Umeme huifikia sehemu inayozunguka, ambayo mafundi huiita amecha, kupitia vipande viwili vidogo vya kaboni vinavyosukumwa na springi. Vipande hivyo viliundwa ili viishe. Husagika wao ili shaba ya amecha isisagike.

Kaboni zikikaribia kuisha, mashine hutoa cheche kuliko kawaida, huzimika, kisha huwaka tena ikigongwagongwa. Anayezibadilisha wakati huo hutumia pesa chache. Anayengoja hadi chuma cha springi kianze kuikwaruza amecha atapoteza mashine nzima kwa sababu ya kipuri kinachotoshea kwenye kiganja cha mtoto.

Swichi nayo huziba kwa vumbi la chuma. Waya hukatika pale unapoingia kwenye mpini kwa kuwa hupindwa hapo kila siku. Beringi huanza kulia, kisha hupata joto. Hivi vyote hubadilishwa, na beringi hasa ni kipuri cha kupendeza kwa sababu vipimo vyake vinatambulika duniani kote. Beringi ya nambari 608 ina tundu la milimita 8 na kipenyo cha nje cha milimita 22, iwe imetengenezwa Ujerumani, Japani au China. Haijali jina lililochapishwa ubavuni mwa mashine.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, mashine yenye mojawapo ya kasoro hizo haistahili kuitwa mbovu. Kuitupa ni sawa na kutupa baiskeli kwa sababu tairi limeisha.

Amecha ikiungua ni habari nyingine. Harufu yake haifichiki na moshi hutokea kwenye matundu ya kupitishia hewa. Wapo mafundi hodari wanaoweza kuisuka upya kwa waya wa shaba, kazi inayodai subira na macho makali. Lakini amecha ya grainda ndogo huzunguka kwa kasi kubwa mno. Isiposawazishwa vyema baada ya kusukwa, hutikisika na kuzimaliza beringi mpya katika muda mfupi.

Isitoshe, malipo ya kusuka amecha ya mashine ya bei nafuu hukaribia bei ya mashine nyingine. Hapo kununua ni uamuzi wa busara. Ila kwa nyundo kubwa ya umeme ya kuvunjia saruji, au mashine nyingine nzito iliyomgharimu mwenyewe pato la miezi kadhaa, kusuka kuna maana kubwa.

Kabla ya kununua, hata hivyo, kuna swali ambalo wengi hulipuuza: ni nini kilichoiunguza ile ya kwanza? Kenya hutumia umeme wa volti 240. Hizo ndizo volti zilizo kwenye karatasi. Fundi aliyeunganisha mashine yake mwishoni mwa waya mwembamba wa mita hamsini, katika eneo ambalo nyaya za jirani na jirani zimeunganishwa kiholela, hapati volti hizo. Mota hupunguza kasi, feni yake ya kuipoza nayo hulegea, fundi akiona haikati huikandamiza zaidi, na shaba huzidi kupata moto.

Mashine mpya ikichomekwa kwenye waya uleule itaungua vilevile. Nimewasikia mafundi wakilaani mashine za nchi fulani kwa kosa ambalo ni la waya wa kurefushia umeme.

Kuna pia zana za mtumba, ambazo zina sifa ya kudumu na mara nyingi zinaistahili. Mnunuzi achunguze kibandiko kabla ya kulipa. Katika maeneo ya ujenzi nchini Uingereza, zana nyingi za mkono hutumia volti 110 kwa sababu za usalama, na plagi zake huwa za rangi ya manjano. Zile za Marekani hutumia volti 120, na za Japani volti 100. Zana kama hiyo, plagi yake ikikatwa na kuwekwa ya kwetu, huaga dunia siku ya kwanza. Hakuna mrekebishaji wa kulaumiwa hapo.

Suala la usalama halina majadiliano marefu. Grainda ya milimita 115 huzungusha diski yake takriban mara 11,000 kwa dakika, kumaanisha kuwa ukingo wa diski hukimbia karibu kilomita 240 kwa saa. Mashine ambayo kinga yake imepotea, shimoni lake limepinda au bodi yake imepasuka haifai kufungwa kwa utepe na kurudishwa kazini. Zana nyingi za mkono hazina waya wa ardhini. Zimechorwa alama ya mraba ndani ya mraba, ishara kwamba kinachomlinda mtumiaji dhidi ya umeme ni ile plastiki yenyewe. Plastiki ikipasuka, ulinzi umekwisha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe mitambo ni salama, lakini nani humkagua fundi aliyejiajiri kando ya barabara?

Sasa tuje kwenye pesa, ambako ndiko uamuzi hufanyiwa.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mchomeleaji anabaki na Sh1,500 kwa siku baada ya kulipia vyuma na umeme. Grainda yake nzuri, aliyoinunua zamani kwa Sh11,000, imesimama. Mrekebishaji anataka Sh1,800 kwa kaboni, beringi na kazi yake, na anasema itakuwa tayari kesho kutwa. Dukani kuna grainda mpya ya Sh3,500.

Ukitazama haraka utasema arekebishe, kwani Sh1,800 ni karibu nusu ya Sh3,500. Lakini siku mbili za kukaa bure ni Sh3,000. Jumla ya gharama ya kurekebisha ni Sh4,800, na mashine mpya inageuka kuwa nafuu kwa Sh1,300. Fundi anayenunua hapo hajafanya ujinga. Amepiga hesabu sahihi ya wiki hii.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Mrekebishaji awe na kaboni na beringi hizo kwenye droo, na kazi imalizike kwa nusu siku. Gharama inashuka hadi Sh2,550 na mizani inageuka. Tena mashine iliyorudi ni ile nzuri, ambayo huenda ikafanya kazi miaka miwili zaidi. Ikiwa ile ya Sh3,500 inadumu miezi minne, basi katika miaka hiyo miwili angenunua sita kwa Sh21,000.

Kwa hivyo kinachoamua si ufundi wala hata bei ya kipuri, bali ni muda. Na muda hutegemea umbali kati ya fundi na kipuri. Aliye Gikomba huvuka hadi Barabara ya Kirinyaga na kurudi kabla ya chai ya saa nne. Aliye Lodwar hungoja kifurushi kije kwa basi kupitia Kitale, ikiwa muuzaji wa Nairobi aliielewa picha aliyotumiwa kwa simu. Mashine ni ileile na kasoro ni ileile, lakini jibu sahihi la Nairobi ni kosa la hesabu huko Turkana.

Hapa pana dhuluma ambayo haijasemwa vya kutosha. Fundi wa mbali, ambaye pato lake ni dogo zaidi, ndiye anayelazimika kununua mashine mpya mara nyingi zaidi.

Mikopo nayo inaelekea upande mmoja. Hazina ya Hustler ilipozinduliwa Novemba 30, 2022, mkopo wa mtu binafsi uliwekwa kati ya Sh500 na Sh50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ulipwe katika siku 14. Mkopaji mpya ambaye kiwango chake ni cha chini anaweza kununua kaboni, au mashine hafifu kabisa akijazia na akiba yake. Mashine ya kudumu hainunuliki kwa deni la wiki mbili. Hivyo fundi hununua anachoweza kulipa upesi, na baada ya miezi michache yuko dukani tena.

Nisieleweke kuwa natetea bei ghali. Zana za bei nafuu kutoka China zimewafungulia vijana milango ambayo ilikuwa imefungwa kwa vizazi. Kijana aliyemaliza chuo cha kiufundi leo anaweza kuanza kazi akiwa na drili na grainda kwa kiasi ambacho baba yake asingeamini. Wafanyabiashara walipoandamana Nairobi mwaka 2023 kulalamikia maduka ya Wachina baada ya China Square kufungua milango karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta, wanunuzi wengi walikuwa upande wa bei. Hawakukosea. Wazee walisema rahisi ni ghali, lakini wazee hao hawakuwa na kodi ya nyumba ya kulipa kila tarehe tano.

Kasoro ya zana hizo haiko katika bei. Iko katika kuuzwa zikiwa peke yake, bila kaboni za akiba, bila swichi, bila orodha ya vipuri. Muagizaji huleta kontena la jina moja mwaka huu na la jina jingine mwaka ujao. Wala plastiki ya ndani hailingani, hata pale ambapo rangi ya nje inafanana. Anayetaka swichi ya ile ya mwaka jana huambiwa anunue nzima.

Hali ni mbaya zaidi kwa zana za betri, ambazo zinaenea kwa kasi kwa kuwa hazihitaji waya wala kusubiri umeme urudi. Betri ya volti 18 kwa kawaida ni seli tano za lithiamu zilizopangwa kwa mfululizo, kila moja ikiwa na takriban volti 3.6. Seli moja ikifa, betri nzima hukataa kuchajiwa. Kubadilisha seli kunahitaji ujuzi na vifaa, na kazi ya kubahatisha inaweza kuleta moto. Kibaya zaidi ni kwamba kila kampuni ina umbo lake la betri. Drili nzima, isiyo na kasoro hata moja, hugeuka pambo la rafu siku ambayo betri yake haipatikani tena madukani. Ujerumani, baadhi ya kampuni zilianza mwaka 2018 kukubaliana kutumia betri ya aina moja. Wanunuzi wetu hawajaulizwa wanataka nini.

Je, sheria zilizopo zingeweza kumsaidia fundi? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Kipengee cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo ni kongwe, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 zinasisitiza hilo. Yale maneno yanayochapishwa chini ya risiti kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi hayana uzito ambao muuzaji hudai yanao. Lakini haki hizo zinahusu mashine iliyokuwa na kasoro tangu dukani. Mashine iliyofanya kazi vizuri mwaka mzima, kisha ikakosa kaboni za Sh200, haijavunja sheria yoyote.

Wapo wanaoitazama Ulaya. Muungano wa Ulaya ulipitisha mwezi Juni 2024 sheria kuhusu haki ya kurekebishiwa bidhaa, na kuzipa nchi wanachama hadi Julai 31, 2026 kuanza kuitekeleza. Inawalazimu watengenezaji wa bidhaa fulani kukubali kuzirekebisha kwa bei ya haki hata baada ya dhamana kuisha. Katika orodha yake mna mashine za kufulia, friji, simu na, jambo la kushangaza kidogo, mashine za kuchomelea.

Drili na grainda hazimo. Tena sheria hiyo imeandikwa kwa ajili ya mtu anayenunua kwa matumizi yake ya nyumbani. Anayetumia mashine kujipatia riziki hahesabiwi kuwa mtumiaji. Tukiinakili jinsi ilivyo, kama tulivyozoea kunakili, tutakuwa tumemlinda mwenye friji ya Lavington na kumwacha mchomeleaji wa Kariobangi palepale alipokuwa.

Mfano wa Ufaransa unakaribia zaidi mahitaji yetu. Tangu Januari 2021 baadhi ya bidhaa huko, zikiwemo mashine za umeme za kukatia nyasi, huuzwa zikiwa na alama inayomwonyesha mnunuzi kama zinarekebishika kwa urahisi au la. Vipuri na bei zake ni sehemu ya alama hiyo. Kwa maneno mengine, jambo ambalo fundi wetu hulijua baada ya hasara, mnunuzi wa huko huliona kabla hajalipa.

Kwetu jambo kama hilo halihitaji wizara mpya wala safari ya kujifunza ng'ambo. KEBS tayari hupitia hati za mashine kabla haijapakiwa melini. Inaweza kudai ukurasa mmoja zaidi: nambari za beringi, vipimo vya kaboni, aina ya swichi, na jina la duka la Kenya ambamo vitapatikana kwa muda uliotajwa. Anayeagiza mashine elfu moja alete na kaboni za mashine elfu moja. Gharama yake, ikigawanywa, ni ndogo mno kuweza kumwumiza mnunuzi.

Sheria ya taka ya 2022 nayo inaweza kupanuliwa kimawazo. Ikiwa mwagizaji anawajibika kwa mzoga wa mashine, kwa nini asipunguziwe mzigo huo kwa kila mashine anayoifanya iishi zaidi? Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki na umeme mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Hapa nyumbani, Mswada wa Fedha wa 2024 ulijaribu kulitatua tatizo hilo kwa ushuru wa mazingira. Ushuru huo uliondolewa kwa bidhaa zinazotengenezwa nchini kufuatia malalamiko ya wananchi, na hatimaye mswada wote ukaangushwa na maandamano. Ulikuwa ushuru uliotoza kuzaliwa kwa bidhaa bila kuuliza itaishi miaka mingapi.

Lipo pia suala la zile siku mbili za kungoja. Vibanda vya jua kali vilivyojengwa katika maeneobunge chini ya mpango wa kufufua uchumi wa 2009, na ambavyo sasa viko mikononi mwa Mamlaka ya Biashara Ndogondogo (MSEA), vingeweza kuwekewa grainda na drili chache za kukodisha. Fundi aache yake ikitengenezwa, achukue ya kukodi kwa siku hiyo, amalize lango la mteja. Katika mfano wetu, Sh300 za kukodi kwa siku zingeondoa ile hasara ya Sh3,000 karibu yote, na hata fundi wa Lodwar angeweza kumudu kungoja basi.

Lugha yetu, kwa njia, haikuyatenganisha mambo haya mawili. Fundi hutengeneza kabati jipya na hutengeneza kabati lililovunjika, na kitenzi ni kimoja. Sisi wahariri hupenda kuandika "kukarabati" ili msomaji asichanganyikiwe, ila huko Gikomba neno hilo hulisikii sana. Mtu anayeifufua drili huheshimika kama anayeunda kitanda. Ila huyo anayefufua mashine hana cheti, na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Kiviwanda (NITA), ambayo huwatahini mafundi wa fani nyingi, ingefanya vyema kuipa fani ya zana ndogo za umeme nafasi yake yenyewe. Mteja angejua anamwachia nani mashine yake.

Hadi hayo yatakapofanyika, anayenunua mashine wiki hii anayo silaha moja. Kabla ya kutoa pesa, amwombe mwenye duka ampe jozi mbili za kaboni za mashine hiyohiyo na aziweke juu ya kaunta. Mwenye duka akianza kueleza kwamba hazihitajiki kwa kuwa mashine ni mpya, aende duka linalofuata.